Kona Hujifunzwa Uwanjani

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, nchini Tanzania, ina kilomita zipatazo 33, na sehemu kubwa ya kilomita hizo ni kona. Unaliacha joto la bondeni, unapita Soni yenye maporomoko yake, na ukifika Lushoto mjini uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, unatafuta sweta. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Sijui barabara nzuri kuliko hii ya kuendeshea pikipiki, na kwa miaka mitatu ya mwanzo niliichukia.

Sikuwa mgeni wa pikipiki. Kwenye tambarare, Korogwe hadi Segera, sikuwa na neno. Lakini nikianza kupanda mlima, mabega nayo yanapanda mpaka masikioni. Siku moja nikiteremka, chini kidogo ya Soni, kona ya kulia ilinijia kali kuliko nilivyoikadiria. Ukingoni palikuwa na kinguzo cha saruji kilichopakwa chokaa. Nikakiona. Nikaendelea kukiona. Kulia kwake barabara ilikuwa tupu kabisa, na kama ningetaka kukigonga kwa makusudi huenda ningekikosa, lakini nilikigonga katikati. Shokapu za mbele zilipinda, mimi nikaacha ngozi ya kiwiko kwenye lami pamoja na heshima yangu, maana akina mama waliokuwa wakiuza matunda pale waliona kila kitu. Mmoja akaninyanyua, akanipangusa vumbi, akauliza bila dhihaka yoyote: "Mwanangu, kwani ulikuwa unakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nakwenda pale nilipokuwa natazama.

Watu wengi watakwambia kona inataka moyo. Mimi moyo nilikuwa nao. Ndio ulionifikisha kwenye kinguzo. Kujiamini kwenye kona hakutokani na kuzoea hatari, kunatokana na kurudia jambo sahihi mara nyingi mahali ambapo kosa halina gharama kubwa, mpaka mwili ulijue. Na mwili unahitaji kufundishwa kwa sababu moja: ukiogopa, hufanya kinyume cha kile pikipiki inachotaka.

Hili alilieleza vizuri Mmarekani Keith Code, aliyeanzisha shule ya California Superbike School mwaka 1980. Aliorodhesha mambo saba ambayo mwendeshaji aliyeshtuka huyafanya bila kujua: huachia mafuta ghafla, hukaza mikono kwenye usukani, macho yake huwinda huku na huko, kisha huganda kwenye kitu kimoja, pikipiki hufuata kitu hicho, usukani haugeuzwi tena, na breki hubanwa vibaya. Soma tena orodha hiyo halafu ukumbuke mara ya mwisho uliposhtuka kwenye kona. Mimi kwa kinguzo changu niliyapata yote saba ndani ya sekunde mbili.

Mwaka 1981 ilitolewa ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliochunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Pale ambapo pikipiki ilianguka peke yake, bila kugongana na gari, karibu theluthi mbili ya ajali zilianzia kwenye kosa la mwendeshaji mwenyewe, na kosa la kawaida lilikuwa kubana breki mpaka kuteleza au kupanuka nje ya kona. Kuna takwimu nyingine humo ambayo ukiipeleka kijiwe chochote cha bodaboda haitamshangaza mtu: asilimia 92 ya waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Muulize dereva yeyote alijifunza wapi. Kaka yake alimwazima pikipiki jioni mbili, akajua klachi na gia, siku ya tatu akapakia abiria. Klachi na gia ndivyo alivyofundishwa. Kona hakufundishwa na mtu.

Kabla hujatoka nyumbani

Mambo ya chombo nitayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo, bali kwa sababu unayajua na unayaahirisha. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla hayajapata moto, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki yako au kwenye kitabu chake, siyo kidole gumba cha fundi. Tairi likiwa na upepo mdogo pikipiki huwa nzito kugeuka na huyumba ukiilaza. Tairi kipara lisilo na kashata liache kabisa. Hakuna mafunzo yatakayolisaidia. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tairi la mbele liwe juu, ushike shokapu uzisukume mbele na nyuma: zikicheza, bearing za shingo zimelegea. Fanya hivyo hivyo kwa tairi la nyuma, ukilisukuma kushoto na kulia, upate kujua hali ya bushi. Nimeona watu wakidhani ni waoga wa kona kumbe wana akili timamu: pikipiki ilikuwa inawaambia ukweli kuhusu bushi zilizokwisha.

Vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake. Suruali ya jinzi, jaketi, glovu, viatu vinavyofunika vifundo. Kandambili ziache mlangoni.

Uwanja na chupa nane

Tafuta eneo la lami au zege lisilo na watu. Maegesho ya kanisa siku ya kazi yanafaa, kadhalika sehemu ya soko la mnada siku isiyo ya mnada, ukiomba ruhusa. Uwanja wa mpira wenye udongo mgumu unatosha kwa zoezi la macho, ila usiilaze pikipiki humo. Vumbi juu ya udongo mkavu huteleza kama unga. Beba chupa nane tupu za maji, kila moja uitie mchanga kidogo isipeperuke. Usitumie mawe wala matofali. Chupa ukiigonga inakucheka tu.

Nenda na mtu. Kazi yake siyo kukushangilia, ni kukutazama kichwa na viwiko, au kukurekodi kwa simu. Utakataa kuamini anachokwambia mpaka ujione mwenyewe kwenye video.

Anza na mduara. Pima hatua nane kutoka katikati, panga chupa, uzunguke nje yake taratibu kwa gia ya pili. Mizunguko mitano ya kwanza tazama chupa inayofuata, ile iliyo mbele ya tairi lako. Utaona mduara wako unatoka na pembepembe, kila baada ya mita chache unasahihisha. Sasa geuza kichwa, kidevu kielekee begani, utazame chupa iliyo ng'ambo ya mduara. Usigeuze macho tu. Geuza uso mzima. Mwanzoni utahisi kama umeacha nyumba wazi, kwa sababu ardhi iliyo mbele ya tairi huioni tena. Vumilia mizunguko mitatu. Ghafla mduara unakuwa laini, na hujui umefanya nini.

Hujafanya kitu. Umeacha kuingilia tu.

Fanya mizunguko kumi kushoto, kumi kulia. Karibu kila mtu ana upande mbovu, na kwa wengi ni wa kulia, kwa sababu mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele, na kifundo hujikunja vibaya pikipiki inapogeukia huko. Usijidanganye kwa kuzunguka upande unaoupenda.

Zoezi la pili ndilo linaloleta ubishi. Ukiwa kwenye mwendo, pikipiki haigeuki kwa kuzungusha usukani kuelekea unakotaka kwenda kama baiskeli ya mtoto yenye magurudumu matatu. Unasukuma. Ukitaka kwenda kulia, unasukuma mshikio wa kulia mbele. Ukitaka kushoto, wa kushoto. Kusukuma mbele, siyo kuubonyeza chini. Mtu akilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani unamtania, maana kusukuma mshikio wa kulia ni kulielekeza tairi la mbele kushoto. Chukua fagio ulisimamishe juu ya kiganja, fimbo juu. Ukitaka liangukie kulia utapeleka mkono wapi? Kushoto. Pikipiki ni hilo fagio: matairi yanatoka kidogo upande wa kushoto chini yako, na chombo kizima kinalala kulia.

Wilbur Wright, yule wa ndege, alikuwa fundi wa baiskeli, na aliwahi kueleza kuwa aliwauliza waendesha baiskeli wengi namna wanavyogeuka kushoto na hakupata hata mmoja aliyeeleza sawasawa kwa jibu la kwanza. Walikuwa wanafanya, hawajui wanafanya. Keith Code naye, kwa wale wanaoshikilia kwamba wao hugeuza pikipiki kwa kuhamisha mwili tu, alitengeneza pikipiki yenye usukani wa pili uliofungwa imara kwenye fremu, ukiwa na mkono wake wa mafuta. Unaushika huo, unaendesha, unajitupa kushoto na kulia utakavyo. Pikipiki inayumba kidogo na kuendelea na safari yake. Ubishi huishia hapo.

Kwa hiyo nyoosha njia ya mita 60, nenda kilomita 30 kwa saa, uguse mshikio wa kulia kwa kiganja kana kwamba unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Pikipiki itaondoka kulia. Gusa kushoto, itarudi. Rudia mpaka usicheke tena. Kisha panga chupa tano kwa mstari, umbali wa hatua kumi na mbili kati ya moja na nyingine, upite kwa kupinda, ukisukuma na kuachia. Mtu anayejua kwamba akisukuma zaidi pikipiki italala zaidi, ana ufunguo mfukoni siku kona itakapombana. Asiyejua hubaki na breki tu.

Katikati ya mazoezi haya, ukiwa umelala kwenye mduara, pigapiga viwiko kama kuku anayetaka kuruka ukutani. Ninajua unavyoonekana. Lakini viwiko visivyopigika vina maana kwamba umeukaba usukani, na usukani uliokabwa haugeuki wala haumezi mashimo. Bana tangi kwa magoti, mikono ipumzike.

Zoezi la tatu linaunganisha. Weka chupa mbili kama lango, kisha baada ya mita kumi weka kona ya robo mduara. Kanuni ya lango ni moja: ukilipita, breki zako zimekwisha kazi. Njoo na kilomita 30, punguza hadi 20 kabla ya lango, achia breki, geuza uso, sukuma, kisha shikilia mafuta kidogo kabisa, yasiongezeke wala kupungua, mpaka uione njia imenyooka. Sema kwa sauti ndani ya kofia: breki, macho, sukuma, mafuta. Mafuta hayo madogo katikati ya kona siyo ya kukimbia. Yanaiweka pikipiki itulie, kwa sababu ukiyaachia uzito unarukia tairi la mbele, na kona inaanza kukutisha kwa kosa lako mwenyewe.

Kuna walimu wanaofundisha kuingia na breki kidogo ndani ya kona na kuiachia taratibu kadiri unavyolala. Wako sahihi, na wenye mbio za pikipiki huishi kwa mbinu hiyo. Ila kwa mwanafunzi mwenye pikipiki ya kazi, ambayo breki yake ya mbele mara nyingi ni ya ngoma na inashika kwa kushtua, nasema subiri. Jifunze kwanza kumaliza breki mapema. Hilo lingine litakuja mwaka ujao.

Ongeza kasi lini? Pale marudio matatu mfululizo yanapokuwa ya kuchosha, na siyo kabla. Nusu saa ikitimia shuka, unywe maji, ukae. Code anaulinganisha uangalifu wa mwendeshaji na noti ya dola kumi: kila jambo usilolizoea linakukata kiasi, na ukishatumia yote huna cha kununulia dharura. Kwa mgeni, kuachia breki peke yake kunakula noti nzima. Baada ya asubuhi sita kunakula senti. Ndiyo maana nusu saa mara mbili kwa wiki huishinda siku nzima ya kujichosha juani.

Kabla hujaondoka uwanjani, jifunze kukosea. Ingia kwenye robo mduara kwa kasi iliyozidi kidogo sana ile uliyoizoea, usiguse breki, tazama mwisho wa kona usukume zaidi. Utashangaa pikipiki ilivyokuwa na akiba. Kisha fanya zoezi la pili la namna hiyo: ukiwa umelala kidogo, isimamishe pikipiki wima kwanza, halafu ubane breki zote mbili kwa nguvu inayopanda, mpaka usimame. Siku ukikuta lori limeharibika katikati ya kona utachagua moja kati ya hayo mawili, na hutapata muda wa kuchagua kama hujawahi kuyafanya yote.

Barabarani

Usiende mlimani moja kwa moja. Tafuta kipande kifupi unachokijua, chenye kona tano au sita na magari machache, ukipite mara nne asubuhi moja bila abiria. Pita kwa kasi ya chini kuliko unavyoweza. Lengo la siku hiyo ni kuingia kila kona ukiwa umeshamaliza breki.

Hesabu ya kasi haina huruma. Kwenye kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 30, ukienda kilomita 40 kwa saa pikipiki inahitaji kulala nyuzi 23 hivi. Ukienda 60, inahitaji nyuzi 43. Umeongeza kasi nusu tu ya ile ya kwanza, lakini ulalo umekaribia kuwa mara mbili. Wapanda mbio za MotoGP hulala zaidi ya nyuzi 60, kwenye matairi laini yaliyopashwa moto na lami iliyofagiliwa. Pikipiki yako ya kazi, yenye tairi jembamba, sehemu za kukanyagia na bampa la pembeni, itakwaruza chuma mapema zaidi, na chuma kikigusa lami kwa nguvu kinalinyanyua tairi.

Swali basi ni namna ya kujua kona itakuwa kali kiasi gani kabla hujaingia. Tazama mbali kabisa, pale ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Kama mahali hapo panakukimbia kadiri unavyosogea, kona inafunguka, tulia. Kama pamesimama, na wewe shikilia kasi uliyo nayo. Kama panakujia, kona inazidi kujifunga, na kama bado hujaingia ni wakati wa kupunguza tena. Kanuni inayokwenda nayo ni hii: uwe na uwezo wa kusimama ndani ya umbali unaouona. Kwa kilomita 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde. Ng'ombe wa Lushoto hajui hesabu hiyo.

Kuhusu nafasi ya kukaa barabarani, Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto. Kona ya kulia iingie ukiwa upande wa kushoto wa njia yako, unaona mbali zaidi, lakini usijibandike ukingoni penye changarawe. Ukiwa umelala, kumbuka kichwa chako kiko mita nzima kulia kwa matairi: tairi linaweza kuwa upande wako halali huku kichwa kiko kwenye njia ya basi. Kona ya kushoto iingie karibu na mstari wa katikati bila kuuegemea, na ukiona gari kubwa linakuja rudi ndani mapema, kwa sababu lori refu halina namna ila kuukata mstari. Msomaji wa Kigali, Bujumbura au Goma ageuze maelezo haya yote, maana huko wanapita kulia.

Mteremko ni somo lake. Ingia na gia ndogo, injini ikushikilie, breki uzitumie kwa vipindi zipate kupoa. Kuna tabia ya kutoa gia na kuachia pikipiki iteremke yenyewe ili kubana mafuta. Fedha unayookoa haifiki bei ya andazi, na umeitoa pikipiki kwenye mamlaka yako: injini haikushiki, breki za ngoma zinapata moto na kuchoka, na kwenye kona huna mafuta ya kuituliza. Hili silijadili.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya tatu, kwa kuwa inachanganyika na oili na vumbi la miezi. Kwenye kona za milimani kuna pia dizeli iliyomwagika kutoka kwenye malori yaliyojaza tangi mpaka shingoni, na upande wa Lushoto ongeza majani ya kabichi. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya lami, pikipiki iwe wima unapopita.

Ukiwa na abiria

Kila ulichojifunza peke yako kijifunze upya ukiwa na mtu nyuma, kwanza uwanjani, na rafiki anayejua unachofanya. Breki zinahitaji umbali mrefu zaidi, pikipiki inakwaruza mapema, na tairi la mbele linakuwa jepesi. Abiria asiyeambiwa kitu huegemea upande wa pili wa kona kwa woga, anavuta huku wewe unavuta kule. Mwambie mambo mawili kabla ya kuondoka: ashike vizuri, na kwenye kona atazame juu ya bega lako la upande mnaogeukia. Akitazama huko mwili wake utakaa wenyewe. Huna haja ya kumfundisha kulala. Anayekaa upande, au mwenye ndoo ya nyanya mapajani, usibishane naye. Punguza kasi tu, kwa sababu uzito umeegemea upande mmoja na pikipiki itageuka vizuri huku na vibaya kule. Mshikaki wa watu watatu hauna ushauri. Hakuna namna salama ya kuupeleka kwenye kona.

Kumtafuta mwalimu

Yote haya unaweza kuyaanza mwenyewe, lakini jicho la mwalimu linafupisha miezi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha udereva, na miji mingi ina shule binafsi. Tatizo ni kwamba shule nyingi zinakuandaa kwa ajili ya mtihani wa leseni: utapita kwenye namba nane iliyochorwa chini, utasimama kwenye alama, utajibu maswali ya vibao. Kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Je, tutafanya breki kabla ya kona, na siyo kwenye mstari ulionyooka tu? Je, utanifundisha kusukuma usukani? Je, utanifuata barabarani na kunieleza ulichokiona? Mwalimu anayejibu swali la pili kwa kucheka, tafuta mwingine. Na yule anayeanza kwa kukuonyesha jinsi yeye anavyokimbia, mshukuru uondoke.

Ukisafiri na wenzako, usimfukuze aliye mbele. Taa yake ya nyuma ni kile kinguzo changu kwa sura nyingine: utaitazama, utaifuata, na akikosea utakosea naye. Mwache aende, mtakutana Soni kwenye chai.

Kuhusu muda, mimi ilinichukua asubuhi kumi na moja za Jumamosi kabla mabega hayajashuka. Wewe pengine ni sita, pengine ishirini. Jumamosi hii, saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijawa kali na watoto hawajaja na mpira wao, nenda na chupa zako nane. Anza na mduara wa upande unaouogopa.